Bi Nguchiro na Majani Kumi ya Siyo

Paukwa!

— Pakawa!

Firimbi?

— Priii!

Wavu?

— Utikisike!

Na yule aliyesema "lazima"?

— Yuko wapi?

Hapo sawa. Wewe uliyeegemea mlango, ingia ndani au toka nje, hadithi haipendi mtu wa katikati. Haya.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa wakicheza mpira na binadamu bado hajajua hata kuupiga teke, kiangazi kiliingia katika mbuga ya Kavumbi kikakataa kutoka. Mto ukakauka. Bwawa likakauka. Matope ya bwawa nayo yakakauka yakapasuka vipande vipande. Kikabaki kisima kimoja chini ya mwamba, maji yake yanachuruzika churu... churu... churu.

Wanyama wakakaa kikao wakakubaliana jambo la maana. Kila nyumba igawiwe kokoto nyeupe, sawa na nyumba nyingine. Kokoto moja, kunywa mara moja. Unafika kisimani, unamkuta Kobe amekaa mlangoni, unatupa kokoto yako kwenye mtungi, ti! Unakunywa, unaondoka. Kokoto zilihesabiwa zitoshe mpaka mvua. Kama kila mtu angekunywa zake akalala, hadithi ingeishia hapa na mimi ningekwenda kupika.

Lakini palikuwa na mpira.

Kila Jumamosi jioni, kwenye uwanja wa bwawa lililokauka, timu ya Wenye Pembe ilicheza na timu ya Wenye Makucha. Mshambuliaji wa Wenye Pembe alikuwa Swala. Ah, Swala! Mwembamba, macho makubwa, mpira ukimfikia hauonekani tena mpaka uko wavuni. Mechi ya kwanza akafunga. Mechi ya pili akafunga. Mechi ya tatu akafunga mawili na moja likakataliwa. Watu wakaanza kuulizana, Jumamosi hii Swala atafunga? Na penye watu wanaoulizana jambo, hapakosi mtu wa kutandika mkeka akasema, njooni mweke dau hapa.

Walitokea wawili.

Wa kwanza alikuwa Ngedere. Alikaa juu ya jiwe, mkia unaning'inia, anapiga kelele kutwa nzima. "Nani anasema atafunga? Nani anasema hafungi? Tatu kwa moja! Njoo, njoo, njoo!"

Wa pili alikuwa Korongo. Yeye alisimama kwa mguu mmoja kando ya uwanja, kimya, na mbele yake rundo la majani. Ungepita ukadhani anasubiri samaki.

Na mtu aliyewatajirisha wote wawili alikuwa Nyati.

Nyati mnamjua, shingo kama gogo. Alikuwa na kokoto kama wenzake siku ya kwanza. Lakini kila mechi aliweka kwa Swala, na kila mechi Swala alifunga, na kila Swala alipofunga Nyati alinenepa. Sasa alikuwa na kokoto mia moja, zimejaa shimo zima. Na bado hakulala usingizi kwa kuwaza kokoto za wengine.

Chini ya mwamba mdogo, mbali na kisima, ziliishi nyumba nne za wadogo. Pimbi, Panya, Kanga, na Bi Nguchiro mwenye watoto wanne waliofungua macho juzi tu. Hawa walikuwa wameunganisha kokoto zao kwenye shimo moja, kwa sababu mdogo akiwa peke yake huporwa njiani. Nyingine zilishaporwa zamani, na ukiacha za kunywa mpaka Jumamosi, zilikuwa zimebaki arobaini. Nyumba nne, kokoto nne kwa siku. Bi Nguchiro alipiga hesabu hiyo kila asubuhi, na kila asubuhi ilitoka vibaya. Siku kumi. Mvua ilikuwa bado siku thelathini kutoka hiyo Jumamosi.

Angeweza kuhama. Mto Mkubwa ulikuwepo, mwendo wa siku tano kwenye jua. Miguu yake ingefika. Aliwatazama watoto wake wanne, wanavyotambaa na kuangukiana, akajua kwamba miguu yao isingefika hata siku moja. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Si kuogopa kwa kukimbia, kule kwa Nguchiro tunakokujua. Aliogopa akiwa amekaa.

Jumatatu akapita Nyati. Bi Nguchiro akainuka, adabu ni adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bado mna kokoto humo?"

"Arobaini tu, mzee."

Nyati akavuta pumzi, fuuu, vumbi likawaruka watoto. "Nitazipata. Kumi leo, kumi kesho. Nikizipata zote sitazinywa, Bi Nguchiro. Nitakaa pale kisimani, na kila mwenye kiu atakuja kuniamkia kwa kupiga magoti."

Akaenda zake, gudu, gudu, gudu.

Sasa mnyama mwingine angelia. Sungura angetunga uongo mara moja, na ninyi mlishaanza kumtafuta Sungura, nawaona. Sungura hayumo. Alikuwa benchi la Wenye Makucha, goti limevimba, na hata makucha ya maana hana, sijui walimsajili vipi. Bi Nguchiro yeye aliondoka akaenda kukaa na kutazama. Aliona jambo moja lenye akili, kwamba mwenye nguvu zake humshindi kwa kumgusa, ila unaweza kujua sheria ambayo yeye hajajisumbua kuiuliza.

Jumanne akaenda kwenye jiwe la Ngedere.

"Ngedere baba, nikipoteza hapa, kokoto zangu zinakwenda kwa nani?"

"Kwa aliyekupinga, mama! Wewe unasema atafunga, mwenzako anasema hafungi. Mnanipa zote nashika. Mshindi anabeba zake na za mwenzake. Mimi nachukua moja tu kwa mshindi, posho ya kukaa juani."

"Na wewe unaonaje, atafunga?"

"Mimi? Mimi sina timu. Mimi nina jiwe."

"Na nikibadili mawazo?"

"Utafute wa kukupinga upande wa pili. Ukimpata, haya. Usipompata, kaa na mawazo yako."

Bi Nguchiro akakuna sikio. "Na huyo mchezaji asipoingia uwanjani kabisa?"

"Asipoingia hata dakika moja hapakuwa na shindano, mama. Kila mtu na kokoto zake, nyumbani."

Jumatano akaenda kwa Korongo. Akauliza yale yale.

"Korongo baba, nikipoteza hapa, kokoto zangu zinakwenda kwa nani?"

Korongo alikaa kimya mpaka Bi Nguchiro akadhani amelala. Kisha akainua majani mawili ya kijiti kimoja. "Hili ni Ndiyo. Hili ni Siyo. Swali ni moja, Swala atafunga Jumamosi? Mechi ikiisha, jani lenye kweli nalilipa kokoto kumi. Jani lenye uongo wapewe mbuzi."

"Na bei yake?"

"Mnapanga wenyewe. Ukiona wanalipa saba kwa jani la Ndiyo, ujue mbuga nzima inaona katika mechi kumi kama hii atafunga saba. La Siyo litakuwa tatu. Yakiwa pamoja ni kumi, siku zote."

"Na nikibadili mawazo?"

"Uza jani lako. Hata mpira ukiwa unachezwa. Bei ya wakati huo."

Bi Nguchiro akaondoka, akarudi. Alikuwa amefika hatua tatu tu. "Na asipoingia uwanjani kabisa?"

Korongo akamtazama kwa jicho moja. "Asipoingia, amefunga?"

"Hajafunga."

"Basi."

Alhamisi Bi Nguchiro hakwenda popote. Alilala kifudifudi mlangoni kwake, watoto wanampanda mgongoni, akawaza. Kwa Ngedere, tatu kwa moja. Ni kama kusema katika mara nne, tatu atafunga. Kwa Korongo, jani la Ndiyo saba na kitu. Akazungusha, akageuza, akaona kumbe ni nyama ile ile, mmoja anaiuza kwa kipande na mwingine kwa mzani. Huyu anakutafutia mtu wa kubishana naye. Yule anakuuzia jibu. Mwenye kuangalia bei tu atasema hawa ni mtu na ndugu yake.

Lakini lile swali la mwisho! Mchezaji asipoingia, Ngedere anarudisha, Korongo analipa Siyo. Hapo hawakuwa ndugu hata kidogo.

Akawaita Pimbi, Panya na Kanga.

"Nipeni zote arobaini."

Kanga akapiga kelele, ke-ke-ke-ke! Panya akaingia shimoni akatoa pua tu. Pimbi, ambaye ni mzito wa kusema, akasema, "Mama, siku kumi ni siku kumi. Ukizipoteza, Jumamosi ndiyo siku ya mwisho."

"Nisikilizeni. Nikipata majani kumi ya Siyo kwa kokoto moja moja, hizo ni kumi. Thelathini nazipeleka kwa Ngedere, naweka kwamba atafunga. Swala akifunga, majani yangu yanakufa, lakini Ngedere ananipa thelathini zangu na kumi za mpinzani, akitoa posho yake. Tunabaki na thelathini na tisa."

"Tumepoteza moja," akasema Pimbi.

"Moja. Asipofunga, mpinzani kazila thelathini, lakini majani kumi yanatupa mia."

"Na asipocheza?" akauliza Panya kutoka shimoni.

"Asipocheza, majani yanatupa mia, na Ngedere anaturudishia thelathini zetu."

Kanga akaanza kugawa kwa vidole vya mguu. Mia na thelathini, kwa nne kila siku. Siku thelathini na mbili. Mvua ingewakuta hai.

"Lakini jani la Siyo kwa kokoto moja halipo," akasema Pimbi. "Liko karibu na tatu."

"Litakuwepo," akasema Bi Nguchiro. "Nyati yupo."

Ijumaa akaenda kwa Korongo, akamkuta Nyati amesimama pale kama kawaida, anasikiliza bei kama mwingine anavyosikiliza muziki. Bi Nguchiro akaweka kokoto kumi chini, polepole, zinaonekana vizuri.

"Nimekuja kununua Siyo," akasema. "Kumi."

Nyati akacheka mpaka mate yakamtoka. "Siyo? Kwa Swala? Mimi nachukua Ndiyo zote. Naweka saba, wewe weka tatu."

"Ah, mzee, mimi mdogo, sina haraka. Kwa tatu naogopa."

"Naongeza! Nane, wewe mbili."

"Ah, mzee, mimi mdogo, sina haraka. Kwa mbili pia naogopa. Ngoja nirudi nyumbani." Akaanza kuokota kokoto zake, moja, akaipangusa vumbi, mbili, akaipangusa.

Mshangaeni Nyati. Alikuwa na mia moja shimoni, lakini macho yake hayakutoka kwenye zile kumi. Kila moja iliyookotwa ilimuuma.

"Naongeza! Tisa! Tisa kwa moja, majani kumi, hapo hapo!"

"Mzee, utaweka tisini ili upate kumi?"

"Atafunga! Lazima!"

"Lazima?"

"Lazima!"

Korongo akashusha mguu wake wa pili, jambo asilolifanya mara nyingi. Akahesabu tisini za Nyati, akahesabu kumi za Bi Nguchiro, akagawa majani. Ndiyo kumi huku. Siyo kumi huku.

Kutoka pale Bi Nguchiro akaenda moja kwa moja kwenye jiwe la Ngedere. Ngiri alikuwepo, na Ngiri ni mbishi wa kuzaliwa, ukisema jua linawaka atasema linawakia wapi. Bi Nguchiro akasema, "Thelathini, Swala atafunga." Ngiri hata hakuuliza kwa nini. "Hafungi! Kumi zangu hizi hapa." Tatu kwa moja, wakapeana mikono, Ngedere akashika zote.

Hapo kazi ya hesabu ilikwisha. Angelala, angeamka na kokoto thelathini na tisa au zaidi. Lakini thelathini na tisa hazifiki kwenye mvua, na Swala hufunga. Bi Nguchiro alilijua hilo. Ndiyo maana hakulala, na Jumamosi asubuhi alimfuata Nyati. Sehemu hii ya hadithi hata mimi huisema kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kulia mapema?"

"Nimekuja kwa ubinadamu, mzee." Walikuwa wanasema ubinadamu hata wao, msiniulize kwa nini. "Mali yako yote iko kwenye miguu ya Swala. Nimemwona jana, ulimi mkavu, midomo imepasuka. Amekunywa?"

Nyati akasimama. Hakuwahi kuwaza. Mechi zote hizo, hakuwahi kuwaza kama miguu ile ina mtu juu yake.

"Amekunywa?" akauliza na yeye.

"Sijui, mzee. Mimi mdogo."

Gudu, gudu, gudu! Nyati akaenda mbio akamkuta Swala amelala kwenye kivuli chembamba cha mchongoma. Akamwinua kwa pembe. "Twende! Leo unakunywa!" Kisimani Nyati akatupa kokoto mtungini, ti! Swala akanywa, gubu gubu gubu. "Ongeza!" akasema Nyati. Ti! Gubu gubu gubu. "Ongeza! Usije ukaniangusha!" Ti! Gubu gubu gubu. Kobe akasema, "Mzee, mchezaji anacheza jioni." Nyati akasema, "Wewe linda mtungi." Ti! Akatupa zote kumi alizokuwa amebakiza. Alitumia kumi ili kulinda faida ya kumi, mwenye hesabu amsaidie. Swala alikunywa zote kumi, na hakuinua kichwa hata mara moja.

Jioni uwanja ukajaa. Refa alikuwa Kobe tena, kwa kuwa ndiye pekee asiyeshukiwa kukimbilia upande wowote. Wachezaji wakaanza kupasha viungo. Swala akaruka mara moja. Tumboni ikasikika, chobwe! Akaruka tena. Chobwe, chobwe! Akasimama, akacheua, akalala chini.

Kongoni, kocha wa Wenye Pembe, akainama akamgusa tumbo. Akatikisa kichwa. Benchi.

Priii! Mpira ukaanza bila Swala.

"Mwingize!" Nyati akanguruma.

"Tumbo, mzee."

Dakika ya kumi. "Mwingize!"

"Tumbo, mzee."

Dakika ya thelathini akaacha kusema kwa adabu. Alipiga kwato mpaka mstari wa uwanja ukafutika. Upande wa pili Bi Nguchiro alikaa katikati ya wenzake, mikono tumboni. Hakushangilia. Aliyatazama majani yake kumi, yalishaanza kunyauka pembeni, akamtazama Swala kule benchi, amelala ubavu, macho yamefumba. Akasema moyoni, nimemfanya nini yule mtoto wa watu? Kisha akawakumbuka wa kwake wanne, akayashika majani vizuri zaidi.

Mapumziko. Kipindi cha pili. Kuro, beki wa Wenye Pembe ambaye hakuna mtu aliyewahi kuliuliza jina lake kwa Ngedere wala kwa Korongo, akapanda na kona, akapiga kichwa, puu! Wavuni. Moja bila. Uwanja mzima ukanyamaza, kwa sababu hapakuwa na hata mmoja aliyeweka dau kwa Kuro. Akashangilia peke yake, maskini, akarudi kukaba.

Dakika ya themanini, Swala akainuka.

Nyati akapiga ukelele. Pimbi akafunga macho. Kanga akaacha kupumua. Swala akasimama kwa miguu yote minne, akajinyoosha, mgongo ukalia kako. Akautazama uwanja. Akamtazama kocha, na kocha akamtazama yeye. Akazunguka mara moja palepale, kama mtu anayetafuta upande mzuri wa kitanda. Akalala tena kwa ubavu wa pili.

Priii! Mpira umekwisha.

Ngedere akaanza kurudisha. "Swala hakuingia! Kila mtu na zake! Ngiri kumi, mama Nguchiro thelathini!" Nyati aliposikia zinarudishwa, roho ikamtulia. Akaenda kwa Korongo taratibu, akaweka majani yake kumi ya Ndiyo. "Nirudishie tisini zangu."

"Haya ni ya mbuzi," akasema Korongo.

"Hakucheza! Ngedere amerudisha!"

"Ngedere alikuwa na watu wawili wanaobishana. Mimi nilikuwa na swali. Swala amefunga?"

"Hakucheza!"

"Amefunga?"

Nyati akageuka. Akautazama uwanja, kama vile goli linaweza kuwa limeangukia mahali fulani kwenye vumbi likaokotwa. "Hajafunga," akasema.

"Basi."

Akainamisha pembe amrukie Korongo. Lakini Korongo ana mabawa, aliinuka tu juu kidogo, na nyuma yake walikuwa wamesimama wanyama wote wa mbuga, waliochoka kumwamkia. Kobe akauliza kwa upole, "Mzee, una kokoto ngapi za kuja nazo kesho kisimani?" Hakuwa na hata moja. Usiku huo huo Nyati akashika njia ya Mto Mkubwa, siku tano kwenye jua. Miguu yake iliweza. Alirudi na mvua, mwembamba, anaamkia watu yeye kwanza.

Mia na thelathini zikaingia kwenye shimo la wadogo. Kanga akazihesabu mara tatu. Panya akacheza. Bi Nguchiro akachukua kokoto mbili, akaenda kule kwenye mchongoma.

"Swala, mwanangu. Nimekuletea hizi. Nimekukosesha mechi, na sikukuomba."

Swala akacheka, kicheko kidogo. "Shangazi, unadhani wewe ndiye uliyenikosesha?"

"Nilimtuma Nyati akunyweshe mpaka tumbo lijae."

"Nilijua. Nyati hawezi kuwaza jambo kama hilo peke yake. Na tumbo lilitulia tangu mapumziko, shangazi. Ningeweza kuingia. Ningeweza kufunga pia, yule kipa wao ni mzito kushoto."

Bi Nguchiro akaduwaa. Ule ujanja wote, Jumanne ile na Jumatano ile, ulikuwa umelala pale benchi chini ya kope za Swala, na hakujua. "Sasa mbona hukuingia?"

Swala hakuinuka. Alikuwa bado amelala ubavu, anapumua vizuri.

"Wiki zote hizi nasikia mnaulizana, Swala atafunga? Kwa Ngedere mnaulizana. Kwa Korongo mnaulizana. Wewe pia, shangazi, ulikwenda kote ukauliza mpaka nisipocheza itakuwaje. Nilikuwa nalala hapa, njiani kwenu. Kokoto zangu ziliporwa zamani, na hakuna aliyesimama akaniuliza kama nina kiu. Wa kwanza kunipa maji alikuwa Nyati. Nilikunywa nikashiba, shangazi, mara ya kwanza tangu kiangazi kianze. Nikasema leo sikimbii kwa ajili ya mtu. Leo nalala nikiwa nimeshiba."

Bi Nguchiro akasogea mpaka karibu na kichwa chake. Aliweka zile kokoto mbili chini. Akarudi nyumbani, akakaa na wenzake, akawaambia nyumba zetu sasa ni tano. Pimbi akapiga hesabu. Mia na thelathini, kwa tano kila siku. Siku ishirini na sita. Hazifiki kwenye mvua, akasema. Bi Nguchiro akasema anajua. Wakakubaliana kuruka siku moja moja, wakubwa tu, watoto wanywe kila siku. Na mvua, kwa roho nzuri ya mvua, ilikuja siku ya ishirini na nane.

Sasa mnataka funzo, nawaona mmekaa sawasawa.

Funzo la hadithi hii ni hili. Maji ni kitu kibaya sana. Ukimwona mwenye kiu mpite upesi, umwache akimbie, akufungie magoli. Ukimpa maji atashiba, akishiba atalala, akilala ataanza kuwaza, na mchezaji anayewaza ni hasara kwa mbuga nzima.

Mnaguna nini? Mlitaka nisemeje? Mwenye funzo zuri zaidi akalilipie kwa Korongo.

Wavu?

— Umetulia!

Firimbi?

— Imelia!

Hadithi yangu imefika kwa mguu, imechoka, imekaa. Aliye karibu na mtungi aipe maji kwanza.